Kuizuia Nafsi Saa ya Hasira

Leo nimepewa nafasi niseme habari ya subira na kiasi, yaani uwezo wa mtu kuitawala nafsi yake, hasa wakati hasira inapompanda. Sitapoteza saa kueleza faida za subira, maana hizo twazijua sote. Hakuna mtoto aliyefika umri wa kutumwa kisimani ambaye hajaambiwa kwamba hasira ni hasara, na kwamba subira huvuta heri. Maneno hayo ni ya kweli, nasi twayakumbuka siku zote isipokuwa siku ile moja tunapoyahitaji. Siku hiyo hutujia jioni, mambo yakiisha kuharibika.

Tazameni jinsi mambo hayo yanavyotokea. Ndugu wawili wameachiwa mashamba na baba yao, na kati ya mashamba hayo pana mpaka uliopandwa minyaa. Mwaka mmoja, wakati wa kulima, mmoja wao anapita mpaka kwa hatua mbili. Mwenzake anakuja, wanaulizana. Neno la kwanza ni la upole, la pili limepanda kidogo, la tatu linafukua habari ya mahari iliyoliwa miaka kumi iliyopita, na la nne halisemwi kwa mdomo, maana panga limo mkononi. Tangu neno la kwanza hata pigo haikupita robo saa. Kisha mmoja yumo kaburini, wa pili yumo gerezani, na magugu yameota pande zote mbili za minyaa. Au mtazameni mwalimu wa shule. Mtoto amekosa hesabu ile ile mara tatu, na mwalimu ameamka na deni lake la dukani kichwani. Fimbo inashuka, wala haishuki kwa sababu ya hesabu. Mtoto yule hatajua kugawanya zaidi kuliko jana, ila amejifunza ya kuwa mtu akiwa mkubwa ana ruhusa ya kukasirika. Mimi kazi yangu ni kuwafundisha vijana watakaokuwa walimu, nami jambo hili la fimbo naliogopa kuliko makosa yao yote ya hesabu.

Basi swali langu ni hili: subira hupatikana wapi, tena hupatikana lini? Wengi hudhani hupatikana saa ile ile ya hasira, kwa mtu kukaza meno na kufumba mdomo. Mimi nasema haipatikani saa hiyo, kama vile mahindi hayapandwi siku ya njaa. Wengine hudhani ni tabia ya kuzaliwa, wakasema fulani ni mpole tangu utoto wake. Lakini mara nyingi yule tunayemwita mpole ni mtu ambaye hajaguswa bado penye jeraha lake. Subira ya Kikristo ni kazi ya neema ya Mungu, ndiyo maana Mtume Paulo alipowaandikia Wagalatia aliihesabu pamoja na kiasi katika tunda la Roho. Hata hivyo tunda halioti katika shamba lisilolimwa. Pana kazi ya mikono, pana kazi ya tumbo, pana kazi ya ulimi, ambazo mtu huzifanya siku za amani ili awe tayari siku ya vita.

Kazi hizo walizijua vizuri watu wa zamani katika bara letu hili la Afrika, nami nataka kuwapeleka huko kwa muda kidogo. Katika nchi ya Misri, karne ya nne baada ya kuzaliwa Kristo, watu wengi waliacha miji na vijiji wakaenda kukaa jangwani, ili wamwombe Mungu na kupigana na nafsi zao. Mkubwa wao alikuwa Antoni, aliyekufa mwaka 356, mzee aliyepita umri wa miaka mia. Mahali palipokuwa na watawa wengi panaitwa Scetis, nasi leo twapajua kwa jina la Wadi Natrun, magharibi ya mto Naili. Huko nyumba za watawa ziko hata sasa. Watawa wale walikaa katika vibanda, wakila mkate mkavu na chumvi, na kazi yao kubwa ilikuwa kusuka. Walitia majani ya mitende majini yakalainika, wakasuka kamba, mikeka na vikapu, kama wanawake wa pwani yetu wanavyosuka ukili. Ninyi mama mnaosuka mikeka mwajua ya kuwa ukili hauna haraka. Ukiuvuta kwa hasira hukatika, au mkeka huja kombo.

Katika watawa hao alikuwako mmoja jina lake Musa. Huyu si nabii Musa, bali ni mtu mweusi ambaye Wagiriki walimwita Mwethiopia, jina walilowapa watu weusi wa nchi za kusini ya Misri. Habari zake aliziandika Palladius, aliyekaa na watawa wa Misri miaka mingi, akaandika kitabu chake yapata mwaka 420. Zamani Musa alikuwa mtumwa wa bwana mmoja mwenye cheo. Bwana yule alimfukuza kwa sababu ya wizi na ukali wake, naye akawa mkuu wa wanyang'anyi. Alikuwa mtu wa nguvu nyingi mno.

Yasemwa kwamba usiku mmoja mchungaji wa kondoo na mbwa wake walimzuia Musa katika jambo alilotaka kulifanya. Neno dogo tu. Lakini Musa hakulisahau. Alitafuta habari za mchungaji yule, akaambiwa yuko ng'ambo ya pili ya Naili, na mto ulikuwa umefurika. Musa akashika upanga kwa meno, akajifunga nguo kichwani, akaogelea. Mchungaji alipomwona akajifukia mchangani, naye Musa akamkosa. Basi akachinja kondoo madume wanne walionona kuliko wote, akawafunga kwa kamba, akarudi nao akiogelea. Nyama akaila, ngozi akaziuza apate mvinyo. Angalieni sana habari hii. Mtu anavuka mto uliofurika, upanga mdomoni, kwa ajili ya mbwa aliyebweka! Twamcheka, ila nadhani katika vijiji vyetu wapo watu waliovuka mito mipana kuliko huo kwa ajili ya neno lililosemwa kilabuni.

Mungu alimgeuza mtu huyo, akaingia utawa. Hapa ndipo nataka vijana wasikilize, maana vitabu vingi vya dini husimulia kana kwamba mtu akiongoka asubuhi, jioni amekuwa malaika. Haikuwa hivyo kwa Musa. Mazoea yake ya zamani yalimsumbua mno. Palladius asema kwamba kwa muda wa miaka sita alisimama kila usiku katikati ya kibanda chake akiomba, bila kufumba macho, na bado hakushinda. Kisha akaanza kazi nyingine. Usiku alikwenda katika vibanda vya wazee waliokuwa hawawezi tena kuteka maji, akachukua mitungi yao kwa siri, akaijaza, akairudisha. Kisima kilikuwa mbali. Fikirini basi: mikono ile iliyokuwa imeshika upanga, sasa imeshika mtungi wa mzee dhaifu, wala mzee hajui ni nani aliyemtekea. Hiyo ndiyo kulima kwenyewe. Mtu mwenye mikono ya kupiga huipa mikono yake kazi ya kutumika, tena kazi isiyo na sifa.

Lakini hata katika jambo hili Musa alipita kiasi. Usiku mmoja pale kisimani alipigwa kwa rungu viunoni, akaachwa kama maiti. Palladius asema ni pepo aliyempiga. Aliugua yapata mwaka mzima. Mzee wake aliyeitwa Isidore akamwonya aache kushindana namna hiyo, kwa kuwa hata ushujaa una kiasi chake. Nami nalipenda sana onyo hilo la mzee Isidore. Wako watu, hasa vijana wenye moyo wa moto, wakisikia mahubiri ya kuitawala nafsi huanza kesho yake kufunga siku tatu, kuamka usiku wa manane, kukataa kucheka na wenzao. Baada ya wiki mbili wamechoka, na uchovu wao umewafanya wakali kuliko walivyokuwa. Mtu asiyeweza kukitawala kiasi cha sala yake hajaanza bado kuitawala nafsi yake.

Sasa tazameni matunda. Siku moja wanyang'anyi wanne waliingia katika kibanda cha Musa wasijue ni yeye. Angeweza kuwaua, maana nguvu zake zilikuwa zile zile. Aliwafunga wote wanne, akawatwika mgongoni kama gunia la majani makavu, akawapeleka kanisani kwa ndugu zake, akawaambia ya kuwa yeye hana ruhusa tena ya kumdhuru mtu, basi waseme wao la kufanya. Wale wanyang'anyi walipojua kwamba huyu ndiye Musa aliyevuma zamani katika wizi, wakatubu nao.

Ndugu wasikilizaji, msipite upesi penye habari hiyo. Musa hakuwapiga, tena hakuwaacha waende zao. Aliwafunga! Watu wengi hudhani kwamba mwenye subira ni mtu wa kuvuliwa shati akakaa kimya. Sivyo. Kumzuia mwovu asidhuru si kukosa subira, na kulipeleka shauri mbele ya wazee au mahakamani si kukosa subira. Hata Bwana wetu Yesu, kama Injili ya Marko inavyosimulia katika sura ya tatu, aliwatazama kwa hasira watu waliotaka mwenye mkono uliopooza asiponywe siku ya sabato. Kisha kwa hasira hiyo hakumpiga mtu, alimponya mgonjwa. Nasema haya kwa sababu nimesikia mara nyingi subira ikihubiriwa kwa watu wasiostahili kuhubiriwa. Mke apigwaye huambiwa avumilie, na mume ampigaye haambiwi neno. Hayo ni kumtwika mzigo asiyekuwa na kosa. Anayehitaji kufundishwa kiasi ni yule mwenye mkono ulioinuliwa.

Iko habari nyingine ya Musa. Siku moja wazee walikusanyika huko Scetis, wakataka kumjaribu. Alipoingia wakamdharau mbele ya watu, wakiuliza kwa nini mtu huyu mweusi amekuja kati yao. Musa akanyamaza. Baadaye wakamwuliza kama maneno yale hayakumchoma. Akawajibu kwamba yalimchoma, walakini hakusema neno. Mimi sitawasifu wazee wale, maana kumdharau mtu kwa ajili ya rangi yake ni dhambi, hata ikiitwa jaribio. Ila jibu la Musa ni la kweli kuliko maneno mengi ya mahubiri. Hakusema kwamba hakusikia kitu. Alisikia, tena aliumia. Subira haimfanyi mtu kuwa jiwe. Uchungu ulifika moyoni, lakini haukukuta njia ya kwenda mkononi wala ulimini, kwa sababu njia hiyo alikuwa ameiziba kidogo kidogo, usiku baada ya usiku, pale kisimani.

Labda mtu atasema, "Mwalimu, mimi ni mpole kabisa, ila watu wa nyumbani kwangu ndio wanaonikasirisha." Mtu huyo na amsikilize John Cassian, aliyekaa na watawa wa Misri, kisha akaenda kuanzisha nyumba za watawa katika mji wa Marseille, Ufaransa, na huko akaandika aliyoyaona. Cassian anakumbuka kwamba alipokaa peke yake jangwani, bila mtu wa kumchokoza, alikasirikia kalamu yake ya tete kwa kuwa nene mno au nyembamba mno. Alikikasirikia kisu kilipokuwa butu. Alilikasirikia jiwe la kuwashia moto lilipokawia kutoa cheche, naye anataka kusoma. Asema kwamba ukiwakimbia watu, hasira yako unaichukua pamoja nawe, imelala tu kama nyoka shimoni. Na sisi je? Nani hajaitupa sindano iliyokataa uzi? Nani hajaipiga teke baiskeli iliyotoboka gurudumu njiani, kana kwamba imefanya kwa makusudi? Sindano haina kosa, baiskeli haina kosa. Basi hasira ilitoka wapi? Ukilijibu swali hilo kwa kweli, utawaona watu wa nyumbani kwako kwa macho mengine.

Huyu Cassian anaijua pia subira ya uongo, na hapa anatusema sisi sana. Anawataja ndugu ambao wakikosana na wenzao hawapigi wala hawatukani, bali hunyamaza kwa uchungu, na kimya chao humchoma mwenzao kuliko matusi. Anawataja wengine ambao ndugu akija kuwatuliza, humpa kisogo wakaanza kuimba zaburi. Kisha anawataja watu ambao siku za kawaida hawawezi kungoja chakula hata saa sita, au wakijitahidi sana, saa tisa (saa zao walizihesabu kama sisi, tangu jua kuchomoza), lakini wakishapatwa na hasira hukaa bila kula siku mbili, wasione njaa, kwa kuwa hasira imewashibisha. Anasema mfungo huo ni dhambi. Sisi Waswahili tuna neno lake hasa, neno ambalo Cassian hakuwa nalo: kususa. Mume arudi nyumbani, aone neno lililomwudhi, akisukume chakula asiseme kitu. Mke naye anune. Watoto wanawatazama wote wawili, wasijue leo wamekosa nini. Mtu huyo jioni hujisifu moyoni mwake, "Mimi sikusema neno." Ni kweli, hakusema neno. Amepiga nyumba nzima bila kuinua mkono. Tena mtu wa namna hii ni mgumu kuponywa kuliko mwenye kupiga kelele, kwa sababu mpiga kelele hujua kwamba amekosa, lakini mwenye kununa hujiona mtakatifu.

Yafaa basi niseme kidogo jinsi sisi, watu wa mashamba na wa shule, tunavyoweza kujizoeza. Sisi hatutakwenda jangwani. Wale watawa walisali zaburi 12 jioni na 12 usiku, wala sitawaambia ninyi mfanye hivyo, maana kesho kuna kulima. Lakini liko jambo moja katika desturi zao ambalo kila mtu anaweza kulichukua. Cassian asimulia kwamba watawa wa Misri walipokuwa kila mmoja kazini mwake, na mlango ukagongwa kuwaita katika sala au kazi nyingine, mara waliondoka. Mwenye kuandika hakuthubutu hata kuimaliza herufi aliyokuwa ameianza. Aliiacha nusu. Vijana mtacheka, mtasema herufi moja ina nini? Jaribuni mtaona. Kuiacha kazi katikati, wakati moyo unasema "ngoja kidogo tu nimalize," ni jambo chungu. Na uchungu huo ni ule ule hasa wa kuliacha neno la ukali ulimini likiwa limekwisha kufika nusu. Mtu aliyejizoeza miaka mingi kuiacha herufi, ataweza kuliacha neno. Asiyejizoeza atalimaliza, na likiisha kutoka halirudi. Kwa hiyo weka saa ya sala asubuhi na jioni, hata ikiwa ni fupi, na saa ikifika acha ulilo nalo mkononi. Usiichague saa ile ambayo ni rahisi kwako kila siku.

Kuhusu kufunga, Kanisa limetupa Kwaresima, siku 40, na ndugu zetu Waislamu wana mwezi wa Ramadhani, nao wanajua vizuri ya kuwa aliyefunga chakula asifungue matusi. Kufunga kwa kiasi humfundisha mtu kuliambia tumbo "ngoja," nalo likangoja. Njaa ni mwalimu mpole kuliko hasira. Huja saa ijulikanayo, huomba taratibu, tena akishindwa mtu hapo hapana aliyekufa. Ni vema kujifunza kwanza kwa mwalimu huyo.

Kwa saa yenyewe ya hasira, mzee mmoja aliyeitwa Isaac alimfundisha Cassian kushika mstari wa kwanza wa Zaburi ya 70, ule ambao mtu anamwomba Mungu amjie upesi kumsaidia, na kuusema moyoni wakati wote, akila, akifanya kazi, akisafiri. Si wakati wa hatari tu, angalieni. Ukiuzoea wakati wa kupalilia, utakuja wenyewe wakati wa mpaka kuvukwa. Ukiutafuta siku ile kwa mara ya kwanza, hutauona.

Na jioni ikifika, kabla ya kulala, mtu aipitie siku yake. Antoni wa jangwani, kama alivyosimulia Athanasius, askofu wa Iskanderia, aliwashauri watu wayaandike matendo na mawazo ya mioyo yao kana kwamba watasomewa wenzao, maana aibu hiyo itawazuia. Ninyi vijana mna madaftari na kalamu. Si lazima maneno mengi. Andika tu: leo nilikasirika mara ngapi, kwa ajili ya nani, na kabla ya hasira nilikuwa katika hali gani. Baada ya mwezi utaona jambo la kushangaza: hasira zako karibu zote zina saa yake na mahali pake. Wengine ni kabla ya chakula cha mchana. Wengine ni wakidaiwa fedha. Ukiujua mlango mwizi anaouingilia, walau utajua pa kuweka komeo.

Itakuwaje ikiwa ugomvi umekwisha kutokea, na kinyongo kimekaa? Evagrius, mtawa mwingine wa Misri aliyekufa mwaka 399, anatukumbusha Yakobo na Esau katika kitabu cha Mwanzo. Esau alikuja na watu 400, naye Yakobo alimtangulizia zawadi. Evagrius asema zawadi huzima kinyongo, na asiye na mali ya kutoa, basi amkaribishe mwenzake chakulani. Angalieni jinsi hili lilivyo kinyume cha kususa! Mmoja anakiacha chakula kwa hasira, mwingine anakigawa ili hasira ife. Mkungu mmoja wa ndizi uliopelekwa ng'ambo ya mpaka, kwa mkono wa mtoto, umemaliza mashauri mengi kabla hayajafika kwa wazee.

Hadithi ya mwisho ni ya mwanamke mmoja wa Iskanderia, mtu wa ukoo mkubwa, ambayo Cassian aliisikia kwa mzee aliyeitwa Piamun. Mwanamke huyu alimwendea askofu Athanasius, akaomba apewe mjane mmoja katika wajane waliolishwa na kanisa, ili amtunze nyumbani kwake. Askofu akaagiza apewe aliye mpole kuliko wote. Akampata, akamtumikia, naye mjane yule akamshukuru kila saa. Baada ya siku chache mwanamke akarudi kwa askofu akilalamika kwamba hakupewa alichoomba. Askofu hakuelewa kwanza, akadhani amri yake haikufuatwa. Alipoulizia akajua maana yake, ndipo akaagiza kwa siri apewe mjane mwenye ukali, ugomvi na ulimi kuliko wote. Wa namna hiyo, asema mzee, walipatikana upesi! Mjane huyu alipotumikiwa alinung'unika, akamtukana bibi yake, hata akamwinulia mkono. Mwanamke akazidi kumtumikia kwa unyenyekevu. Kisha akaenda kwa askofu kumshukuru, kwamba sasa amepewa mwalimu aliyemfaa, maana yule wa kwanza alimstarehesha tu.

Sisemi mkatafute watu wa kuwatukana. Hakuna haja, wako tayari. Yupo jirani ambaye kuku wake hawana mpaka, yupo wifi, yupo mwanafunzi wa nyuma darasani asiyeelewa mara ya tatu wala ya nne. Kwa kawaida tunamwomba Mungu atuondolee watu hawa. Yule mwanamke wa Iskanderia aliona kwamba kuondolewa hao ni kama kuondolewa shule kabla ya mtihani.

Pengine mmetaka kujua mwisho wa Musa. Alikuwa mzee tayari, mwanzo wa karne ya tano, washenzi wa jangwani walipokuja kuishambulia Scetis. Habari zilipofika, Musa aliwaambia ndugu zake kwamba anayetaka kukimbia na akimbie. Wakamwuliza, na yeye je? Akasema siku hii ameingojea miaka mingi, akawakumbusha neno la Bwana Yesu juu ya watu washikao upanga. Alikumbuka upanga wake mwenyewe. Ndugu waliokuwa pamoja naye hawakutaka kumwacha. Washenzi walipofika mlangoni, mtu yule aliyewahi kuwabeba wanyang'anyi wanne mgongoni hakuinua mkono. Wakamwua yeye na ndugu waliobaki naye. Mmoja tu alijificha nyuma ya rundo la kamba zilizosukwa, naye ndiye aliyetoka baadaye akawasimulia wengine, habari ikaandikwa, ikatufikia hata sisi.